Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Kutengana

Karatasi yenye kichwa cha habari "Mkataba wa Kutengana" inaweza kuandikwa katika steshenari yoyote ya mjini kwa muda usiozidi nusu saa, na kwa gharama ndogo kuliko nauli iliyomfikisha mtu hapo. Urahisi huo ndio uliotufanya tuiweke mada hii katika kijitabu cha mwongozo kwa mwananchi, pamoja na mikopo, mizani na risiti. Mwenye kulipia karatasi hiyo ananunua kitu, na ni haki yake kujua amenunua nini. Wengi hudhani wamenunua talaka. Wengine hudhani wamenunua amani tu, kumbe ndani ya mistari minne wamekwishaacha nyumba, shamba na matunzo ya watoto.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya maelezo haya. Mume na mke wa kata ya Lupepo, wilayani Rungwe, wameishi katika ndoa miaka kumi na miwili. Walifunga ndoa kanisani na cheti wanacho. Nyumba yao ya matofali ya kuchoma imejengwa juu ya kiwanja ambacho mume alipewa na marehemu baba yake. Nyuma ya nyumba pana migomba, na ng'ambo ya kijito pana shamba la chai walilolipanda wenyewe mwaka wa pili wa ndoa, pamoja na miparachichi michache. Bandani yumo ng'ombe wa maziwa aliyenunuliwa kwa mkopo wa SACCOS uliochukuliwa kwa jina la mke. Watoto ni watatu. Mdogo ana miaka minne. Ugomvi umekuwa mrefu, wazee wa pande zote mbili wamekwishakaa mara tatu, na hatimaye wote wawili wamekubaliana kwamba heri kila mmoja aishi kwake. Siku ya mnada wanateremka Tukuyu na kurudi na karatasi yenye sentensi hii:

"Sisi tuliotajwa hapo juu tumeachana kwa hiari yetu, na kuanzia leo hakuna anayemdai mwenzake kitu chochote."

Mke anasita kidogo. Shangazi yake anamwambia, "Saini tu, mwanangu, yaishe." Tuisimamishe kalamu hapo, tuisome sentensi hiyo neno kwa neno.

"Tumeachana"

Neno hili linabeba mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inayotumika Tanzania Bara, inatambua makubaliano ya mume na mke ya kuishi mbalimbali. Makubaliano hayo yana uzito: yanaweza kueleza nani atakaa wapi, nani atamtunza nani, watoto watalelewa na nani, na mali itatumikaje. Lakini hayavunji ndoa. Ndoa huvunjwa na mahakama kwa amri ya talaka, na hakuna steshenari, ofisi ya kijiji, kikao cha ukoo wala baraza la wazee wa kanisa lenye mamlaka hayo.

Matokeo yake si madogo. Waliotengana kwa karatasi bado ni mume na mke. Mke hawezi kufunga ndoa nyingine, na mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi pia. Ndoa hiyo ya pili itakuwa batili hata kama imefungwa kwa shangwe na mbele ya mashahidi mia. Mmoja wao akifariki, aliyebaki ni mjane au mgane mbele ya sheria, na ataonekana kwenye mirathi hata kama hawajaonana miaka mitano. Hapa ndipo familia nyingi hushtuka msibani, pale mwanamke ambaye wote walidhani aliondoka zamani anapofika akiwa na cheti cha ndoa mkononi, na mwingine anayelia kando ya jeneza hana chochote.

Kati ya karatasi ya wahusika wenyewe na talaka ipo njia ya tatu, nayo ni amri ya kutengana itolewayo na mahakama. Mwanandoa yeyote anaweza kuiomba kwa kueleza kuwa ndoa imevunjika. Kwa talaka, mahakama lazima iridhike kwamba kuvunjika huko hakurekebishiki tena. Kwa amri ya kutengana kiwango hicho hakihitajiki. Amri hiyo inawaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja, lakini nayo haivunji ndoa. Watu huichagua kwa sababu mbalimbali. Wapo ambao imani yao haiwaruhusu kuomba talaka. Wapo ambao ndoa yao haijafikisha miaka miwili, muda ambao ndani yake shauri la talaka halipokelewi ila kwa kibali maalumu cha mahakama. Wapo pia ambao wangali na tumaini, na hatuoni sababu ya kuwacheka.

Ipo tofauti moja ambayo tungependa msomaji aishike vyema. Mahakama hupata uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au baada ya kuitoa. Mtu anayekwenda mahakamani na karatasi ya steshenari pekee, akiomba agawiwe shamba huku hakuna amri yoyote kati ya hizo mbili, ataambiwa aanze mwanzo. Kwa hiyo anayejua tangu awali kwamba ugomvi mkubwa ni wa mali asitegemee karatasi peke yake.

"Kwa hiari yetu"

Makubaliano ni ya watu wawili walio huru kukataa. Aliyesaini akiwa amefungiwa nje na mvua, au akiwa ameambiwa hataona watoto mpaka atie dole gumba, hakukubali, na anaweza kulieleza hilo mbele ya hakimu. Hata hivyo ni kazi kubwa kuthibitisha baadaye kile kilichotendeka ndani ya chumba kisichokuwa na shahidi. Tunashauri kila upande uje na shahidi wake mwenyewe, mtu mzima asiye na maslahi katika mali, na kwamba karatasi isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Asiyejua kusoma aandikiwe kwamba alisomewa akaelewa, na jina la aliyemsomea litajwe. Tena, hakuna haraka inayomlazimu mtu kusaini siku ileile. Nakala inaweza kwenda nyumbani, ikalala huko wiki moja.

Pale penye kipigo maelezo ni mengine. Sheria ya Ndoa inasema bayana kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anayepigwa hahitaji mkataba ndipo aondoke, wala hahitaji ruhusa ya kikao. Aende kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apatiwe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na mazungumzo ya mali yaje baadaye, mahali salama. Na kwa yule anayetishwa kwamba akiondoka atarudishwa kwa nguvu ya mahakama, ajue kwamba sheria haitoi nafasi ya kumshtaki mtu ili alazimishwe kuishi na mwenzake.

"Hakuna anayemdai mwenzake"

Haya ni maneno ghali kuliko yote katika karatasi ile, na aliyeyaandika pengine aliyaona kama salamu ya kufungia barua. Tuone yanagusa nini katika kaya ya mfano wetu.

Tuanze na nyumba. Maadamu ndoa ipo, nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Hiyo ni ulinzi wa kifungu cha 59. Kwa kaya za wakulima sheria imekwenda hatua moja zaidi: pale nyumba ilipo pamoja na shamba, ardhi ambayo mume amempa mke aitumie peke yake nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba ya ndoa. Bustani ya migomba ambayo mke wa Lupepo ameilima miaka yote bila kuulizwa inaweza kuingia humo. Sasa akisaini kwamba hadai chochote, kisha mumewe akaionesha karatasi hiyo kwa mnunuzi, mnunuzi ataisoma kama ridhaa. Mke atalazimika kwenda kueleza mahakamani kwamba hakukusudia hivyo.

Kuhusu kiwanja, mume atasema, na atakuwa na hoja, kwamba ni cha baba yake. Mali ambayo mtu aliingia nayo katika ndoa, au aliyopewa na wazazi, haigeuki kuwa ya wawili kwa sababu tu ya ndoa. Lakini kiwanja kilikuwa tupu. Nyumba iliyo juu yake ilijengwa na nani? Matofali yalifinyangwa na nani, maji yalibebwa na nani, bati zilinunuliwa kwa fedha za maziwa ya nani? Sheria inasema mali ya mmoja iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake, au kwa juhudi za wote wawili, huhesabiwa katika mgawanyo. Kiwanja kinaweza kubaki cha ukoo na bado mke akawa na haki katika thamani ya kilichojengwa.

Shamba la chai ndilo linalotuletea maswali mengi zaidi. Mchai huishi miongo mingi. Aliyeupanda akiwa kijana anaweza kuuchuma akiwa na wajukuu. Majani yanauzwa kwa jina moja, malipo yanaingia kwenye akaunti moja, na aghalabu jina hilo si la yule anayeinama shambani asubuhi na kikapu mgongoni. Je, jina kwenye daftari la chama linamaliza mambo? Halimalizi. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mwanandoa mmoja hudhaniwa kuwa ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema kuwa mwanandoa ambaye kwa kazi ya mikono yake amechangia uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake huhesabiwa kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo.

Wapo wanaume wanaotuuliza, kwa nia njema kabisa, mke aliyekuwa akipika na kulea amechangia nini katika shamba. Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Mara chache husimuliwa kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama iliona kuwa fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitapanya. Kanuni iliyopatikana kupitia shauri lake ikawafaa wengine. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonesha kwamba kutambuliwa kwa mchango ni hatua ya kwanza tu. Ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi, nao huangaliwa katika fedha, mali na kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto, na mila za jamii husika. Baada ya kuyapima hayo mahakama huelekea kwenye usawa, lakini hailazimiki kukata nusu kwa nusu.

Kwa hiyo, msomaji anayeelekea kutengana atunze vitu vidogo: risiti za bati na saruji, stakabadhi za mauzo ya majani, daftari la kikundi, picha ya shamba likiwa changa, majina ya majirani waliokuja siku ya kupanda. Mambo haya hupotea haraka mno mtu anapohama na begi moja.

Katika mkataba mzuri, mahali pa "hakuna anayemdai mwenzake" pangeandikwa mali moja moja. Kwa mfano: mke ataendelea kuishi katika nyumba pamoja na watoto; shamba la chai halitauzwa wala kuwekwa dhamana na yeyote kati yao mpaka mahakama itakapoamua au wote wawili watakapokubaliana kwa maandishi; malipo ya kila mwezi yatagawanywa kwa kiwango kilichotajwa, na atakayelipia mbolea na vibarua atajulikana. Nakala moja ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji ili ofisi isije ikagonga muhuri kwenye mauzo bila kujua kuna mwanandoa mwingine. Kama ardhi imesajiliwa, mwanandoa anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Na ikibainika kuwa mmoja ameanza kuuza mali ili mwenzake asipate chochote, mahakama inaweza kuombwa izuie mauzo hayo.

Suala la ng'ombe wa mahari tunaomba liwekwe kwenye kikao chake. Kutomaliza mahari hakubatilishi ndoa, na kudai mahari irudi si sababu ya kumnyima mtu watoto wala matunzo. Mikataba mingi huharibika pale wazee wanapoanza kuhesabu ng'ombe wa mwaka ule katikati ya mazungumzo ya ada ya shule.

Ng'ombe aliyepo bandani, na deni lake

Mkopo wa SACCOS uko kwa jina la mke. Katika mkataba wanaweza kuandika kuwa mume atabaki na ng'ombe na atamaliza deni. Waandike, ni jambo jema. Lakini mkopeshaji hakuwamo katika makubaliano hayo na hafungwi nayo. Mume akiacha kulipa, atakayepigiwa simu ni mke, na atakayekatwa akiba ni mke pamoja na wadhamini wake. Mkataba utampa mke haki ya kumdai mume alicholipa. Hautamzuia mkopeshaji kumdai yeye. Ukweli huu unahusu pia mikopo ya benki, ya vikundi na ile ya simu.

Njia iliyo salama ni kwenda wote wawili kwa mkopeshaji kabla ya kusaini, kuomba salio kwa maandishi, na kuuliza kama mkopo unaweza kuhamishiwa kwa atakayebaki na mali. Kama hauwezi, pengine busara ni kumuuza ng'ombe na kufunga deni, ingawa tunajua namna kauli hiyo inavyouma kwa kaya inayoishi kwa lita za asubuhi. Yeyote aliyemdhamini mwenzake mahali fulani aulize dhamana hiyo inaisha lini. Nyumba ikiwa imewekwa rehani, ni lazima pia ijulikane ridhaa ilitolewa na nani, kwa maana rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwanandoa wa pili.

Akaunti na simu zisisahaulike. Ambaye mwenzake anajua namba yake ya siri aibadilishe siku hiyohiyo.

Watoto hawasainiwi

Hakuna sentensi ya wazazi inayoweza kufuta haki ya mtoto. Baba na mama wanaweza kukubaliana kwamba wao kwa wao hawadaiani, lakini mtoto anabaki na madai yake ya chakula, mavazi, matibabu, malazi na elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya kutengana kwao, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine isipokuwa kama jambo hilo litamdhuru. Mahakama inaweza kubadilisha makubaliano yoyote ya wazazi yanayohusu watoto ikiona maslahi ya mtoto yanadai hivyo, hata kama karatasi imeandikwa kuwa haibadilishwi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, kama yule wa miaka minne katika mfano wetu, sheria inaanza na dhana kuwa ni vyema akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama hutazama pia madhara ya kumhamisha hamisha mtoto. Kauli tunayoisikia mara kwa mara, kwamba watoto ni wa ukoo wa baba kwa hiyo akitimiza miaka saba "anarudishwa", si tafsiri ya sheria. Miaka saba si tarehe ya kukabidhi mzigo. Baada ya hapo bado linaloulizwa ni maslahi ya mtoto, na mtoto mwenye umri wa kujieleza anaweza kusikilizwa.

Mkataba useme kiasi cha matunzo kwa tarakimu, tarehe ya kulipa, na njia ya kulipa inayoacha kumbukumbu. Tunapendekeza fedha zitumwe kwa simu au benki, kwa sababu shilingi zilizokabidhiwa mkononi sokoni huwa hazina shahidi ugomvi unapoanza. Kaya inayotegemea chai na mazao inajua kwamba miezi hailingani. Si vibaya kuandika kiasi cha chini cha kila mwezi, na nyongeza wakati wa mavuno au wa kufungua shule. Waandike pia likizo zitakavyogawanywa, na nani ataarifiwa mtoto akiugua. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri husaidia wazazi kupanga mambo haya, na ndiye ambaye mahakama humtegemea kupata taarifa ya hali ya mtoto.

Matunzo ya mwenzi nayo yapo. Mume ana wajibu wa kumtunza mke wake, na mke ana wajibu huo kwa mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Hali ikibadilika sana, mahakama inaweza kurekebisha kiwango kilichoandikwa katika makubaliano.

Wasio na cheti

Tumeulizwa kama maelezo haya yanawahusu walioishi pamoja bila kufunga ndoa. Yanawahusu kwa sehemu kubwa. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo jamii inawatambua kama mume na mke, watadhaniwa kuwa walioana. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano kwa kuonesha kuwa mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu nyongeza. Hata ikipingwa kwa mafanikio, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine, ikiwamo kuhusu malezi. Kwa hiyo asidanganyike anayeambiwa, "Huna cheti, huna neno."

Nani aandike, na nini kifuate

Muhuri si uthibitisho wa haki. Karatasi inaweza kuwa na mihuri mitatu na bado ikawa mbaya. Kabla ya kulipa, muulize mwandishi kama yeye ni wakili, na kama ni wakili, anamwakilisha nani kati yenu. Wakili mmoja hawezi kuwatetea wote wawili pale maslahi yanapopingana. Asiye na uwezo wa kulipa ana njia nyingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, na huduma hiyo kwa asiye na uwezo ni bure. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kuelekeza walipo.

Iwapo kutengana kutaelekea kwenye talaka, shauri huanzia kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, nayo ni lazima iambatishwe kwenye maombi ya talaka ikiwa haijazidi miezi sita tangu kutolewa. Hapa watu wa kwetu hupoteza muda mwingi kwa kupeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo kina heshima yake, na mara nyingi ndicho kinachozuia damu kumwagika, lakini si Baraza. Baraza la dini nalo hukubalika pale tu lilipoteuliwa kwa mujibu wa sheria. Yapo mazingira ambayo hati haihitajiki, kama vile mwenzi kutojulikana alipo, na mahakama ndiyo huyapima. Talaka ya kidini iliyotamkwa nyumbani haimwondolei mtu safari hii.

Shauri lenyewe linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka ya kuanzia katika mashauri ya ndoa. Kwa mkazi wa Lupepo, Mahakama ya Mwanzo ndiyo yenye gharama ndogo na taratibu nyepesi, na Mahakama ya Wilaya ipo Tukuyu.

Limebaki jambo moja dogo ambalo steshenari huliacha wazi kila mara: tarehe ya kuanza kutengana. Kutengana kwa hiari kulikodumu angalau miaka mitatu ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kuwa ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku mliyoacha kuishi pamoja, ambayo pengine si siku mliyosaini. Andikeni siku hiyo, mwezi na mwaka. Na wale ambao baada ya miezi kadhaa watarudiana, jambo ambalo hutokea zaidi ya wasimulizi wa vijiweni wanavyodhani, wasiichome karatasi. Waandike chini yake tarehe ya kurudiana, wote wawili watie saini, na kila mmoja abaki na nakala yake.